Deni Lililonunua Hamamu

Kwa miaka kumi na tisa Pyo Geum-sun alikaa kwenye kidirisha cha hamamu, bafu la umma la mtaa mmoja mjini Masan, akiuza tiketi na kuandika hesabu. Hesabu alijifunza ukubwani, kwa tajiri wa dagaa wakavu aliyezoea kumwambia, "Fedha iliyomo kabatini ipe jina kabla hujaitumia."

Kila mwisho wa mwaka Geum-sun aliandika kiinua mgongo ambacho hamamu ilidaiwa kuwatengea wafanyakazi wake watatu. Mwenye mali alicheka tu. "Deni lisilobisha hodi si deni!"

Mzee huyo alipofariki, mwanawe Ha Dong-pyo alishuka kutoka Seoul, akafunua daftari la benki, uso ukamchanua.

"Shangazi," akamwita Geum-sun kwa heshima, "kumbe mzee kaniachia woni milioni themanini! Nafunga, nachukua changu, naondoka."

"Kaa kwanza, mwanangu. Hizo si zako."

Akamsogezea bakuli la supu ya mwani, na kitabu chake. Gesi na maji, milioni kumi na moja, za kulipwa mwezi huohuo. Mkopo wa mtambo wa maji moto, arobaini na saba, wa kulipwa pole pole kwa miaka minne. Kisha milioni ishirini na sita.

"Hizi nani anatudai?"

"Mtaa mzima. Wamenunua tiketi, hawajaoga."

"Lakini si walishalipa!"

"Ndiyo maana wanakudai."

Bong-man, fundi wa mtambo, alicheka mpaka akapaliwa. Dong-pyo akafunua ukurasa wa mwisho: kiinua mgongo, mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa kazi. Milioni mia moja na nne. Kijiko kikamtoka mkononi.

Wiki mbili alihangaika kutafuta mnunuzi. Kila aliyeuona ukurasa ule aliaga. Mwanasheria naye akamthibitishia kwamba hakuna mstari wa kufuta. Akarudi amenywea.

"Shangazi, mnataka kuninyonga."

"Tungetaka hivyo tungekwenda kukushtaki ofisi ya kazi. Sikiliza. Sisi watatu tunakusamehe mia na nne zetu. Wewe tuachie hamamu, fedha za benki na madeni yaliyobaki."

"Madeni yanazidi fedha!"

"Kwa milioni nne. Na mtambo bado una miaka saba ya kazi mbele yake."

"Ukiubembeleza, kumi," akadakia Bong-man.

Dong-pyo akatia saini, akashusha pumzi kama aliyetua gunia.

Miezi ya kwanza wateja waliingia kwa tiketi za zamani, na kabati likabaki jeupe. Ok-hui, msafishaji, akaanza kunung'unika. "Dada, tunaogesha watu bure!"

"Si bure. Kila tiketi unayoichana, deni moja limekufa. Chana!"

Wakachana mpaka zikaisha. Mkesha wa Mwaka Mpya, foleni ya watu wenye fedha mkononi ilipinda kona ya mtaa, na Ok-hui aliimba huku akipiga deki.

Mkopo waliumaliza mwaka mmoja kabla ya wakati wake. Walikwenda benki wote watatu, wamevaa nguo za harusini, na karani alipogonga muhuri Bong-man akapiga makofi peke yake hadi mlinzi akageuka.

Mchana huo, siku ya kazi, Geum-sun akajitumbukiza katika maji moto mpaka kidevuni. Nje, Bong-man alikuwa kidirishani akikosea chenji na kugombezwa na wateja. Geum-sun, mwenye hamamu sasa, alimsikia, akafumba macho, wala hakutoka.