Uvimbe Nilioamuru Ufichwe

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, ni ya tatu tangu tuvuke mpaka wa Bunagana. Tulikuwa juu ya lori, mimi na mke wangu Nabintu, na binti yetu Neema akinyonya. Tulikuwa tumeikimbia vita ya Kongo, tumetoka Walungu kwa miguu hadi Bukavu, tukavuka ziwa mpaka Goma, tukalala makanisani na mashuleni. Lori lilipoiacha Mbarara na kuingia barabara ya vumbi ya Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, Nabintu aliuliza, "Ni hapa tutakaa?" Nikamjibu, "Hapa tutapita tu."

Neno hilo ndilo lililomuua. Sijui kulisema kwa upole zaidi.

Tangu ujana miguu yangu haikujua kutulia. Kila mahali nilipofika nilikuwa tayari nawaza pa kwenda. Tulipewa kiwanja Juru, upande mmoja wa kambi hiyo. Nabintu alilima maharage na mahindi kama mtu aliyezaliwa pale, nami kila wiki niliendesha baiskeli kwenda kusoma ubao wa matangazo, kutafuta majina yetu. Mwaka wa nne tukaitwa kuhojiwa ili tuhamishiwe nchi ya mbali. Tukahojiwa tena, na faili la safari yetu, tuliloliita dosiye, likafunguliwa. Tangu hapo sikulima kwa moyo. Nilipanda mbegu kama mtu anayefua nguo za jirani.

Jumapili moja, baada ya ibada, Mama Sifa aliwabakiza wanawake kanisani. Alikuwa mjane kutoka Fizi, mzee wa kanisa letu na mhudumu wa afya wa kijiji. Aliwafundisha kujipapasa matiti ili watambue uvimbe mapema. Sisi wanaume tulifukuzwa nje. Nabintu alinisimulia kwamba walicheka sana, maana Mama Sifa aliwaambia, "Mikono ya bwana zenu inajuaka hiyo fasi kuliko mikono yenu. Leo na nyinyi mujifunze."

Kesho yake tulikuwa shambani. Nabintu aliweka jembe chini.

"Baba Neema, niko na kitu hapa mu titi. Gusa."

Niligusa. Kilikuwa kigumu kama punje ya haragwe kavu, na hakikusogea.

"Inakuumaka?"

"Haiumaki."

"Basi si ngonjwa. Ni maji unabebaka mingi."

"Mama Sifa alisema hata isipouma, mutu aende ku hopitali."

Hapo, mwanangu, ndipo nilipokosea, na sikukosea kwa kutojua. Niliangalia huku na huku kwanza, ndipo nikasema, "Usiambie mutu. Bakiandika ngonjwa, dosiye yetu itafungwa. Vumilia kidogo. Kule tunaenda iko badaktari bakubwa."

Tuliokuwa tukingoja safari tulikuwa na maradhi hayo ya kuficha sote. Wenye kifua walikohoa ndani ya mto wa kulalia. Wenye mimba walichelewa kliniki, wakihofu jina jipya litakwamisha majina ya zamani. Hakuna ofisa aliyetuambia hivyo. Tuliambiana wenyewe kwenye foleni ya maji, na uongo wa foleni huaminiwa kuliko barua yenye muhuri.

Nabintu aliokota jembe. Aliniuliza mara mbili zaidi, miezi tofauti. Baada ya hapo hakuuliza tena.

Mama Sifa hakudanganyika. Aliona kanisani kwamba Nabintu hainui mkono wa kushoto kwaya inapoimba, na kwamba anajifunga kitenge mpaka shingoni. Akaja nyumbani, akakaa, akakataa chai.

"Baba Neema, dosiye inakufaka?"

"Hapana, mama."

"Inaweza kulala mu kabati miaka kumi bila kuoza. Mutu je?"

"Mama, tumebakiza kidogo tu."

"Miye nimezika batu mingi benye walibakizaka kidogo."

Nikacheka, kama anavyocheka mtu mzima akikemewa mbele ya mkewe. Alipotoka nilimwambia Nabintu kwamba mama yule anapenda kuingia mambo ya nyumba za watu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Guu lililovunjika halikuwa langu.

Ngozi ya titi ikawa na vishimo kama ganda la chungwa. Chuchu ikaingia ndani. Kisha kidonda kikapasuka, na harufu ikaimaliza siri ambayo kitenge kilikuwa kimeitunza. Ndipo nikampeleka Mbarara.

Daktari alimwuliza uvimbe ameuona lini. Nabintu alinitazama kidogo, akajibu, "Wiki tatu." Alinificha mimi kama nilivyouficha uvimbe wake, nami nikauacha uongo huo upite. Daktari alikitazama kidonda, akaandika, hakumbishia.

Nje, kwenye benchi, tulikaa na mke wa askari kutoka kambi ya jeshi upande wa Kakiika. Alikuwa amekuja kuangaliwa tena. Alijipiga kifuani, upande uliokuwa bapa.

"Nyabo, mama, hii walikata zamani. Mimi nilikuja ikiwa kadogo. Mzee yangu alisema, 'Nilioa wewe, sikuoa matiti.' Ile siku nilimupikia kuku muzima."

Nabintu akacheka. Nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko chake.

"Sasa wewe, bambi, pole, nani alikuchelewesha?"

"Njia," akasema Nabintu. "Ni mbali."

Ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye mapafu na mifupa. Walimpa dawa za kutuliza maumivu, tukarudi Juru. Alikufa watu wakiwa wanavuna maharage. Nilipokwenda ofisini kutoa jina lake, karani, kijana mpole, aliniuliza kwa nini hatukusema. "Ugonjwa haufungi dosiye," akasema. "Unaandikwa ili mgonjwa atibiwe." Mwanangu, nilikaa sakafuni.

Wahenga walisema mficha maradhi, kilio humfichua. Hawakusema lolote juu ya anayemfichisha mwenzake. Huyo hubaki hai.

Sijawa na mvi nyingi, lakini nina haki ya kukwambia haya. Binti, yajue matiti yako kama unavyolijua shamba lako. Kila mwezi, hedhi ikishapita, yapapase yote mawili mpaka kwapani, uyatazame pia. Uvimbe usiouma usikudanganye; maumivu mara nyingi hufika nyuma sana. Uvimbe mwingi si kansa, ashukuriwe Mungu, lakini anayejua tofauti ni mwenye vipimo, si mumeo wala majirani wa foleni ya maji. Karatasi yoyote inaweza kungoja.

Nawe kijana wa kiume, mkeo akikwambia "gusa", gusa, kisha mwende pamoja kesho yake, hata kama ni siku ya kupalilia. Usimwambie avumilie. Neno hilo ni jepesi mno kinywani mwa asiyeumwa.

Mwaka uliofuata tuliitwa, mimi na Neema. Asubuhi ya kuondoka, kwaya ilikuja kutuimbia kando ya basi. Neema alikuwa na miaka tisa. Akaniuliza, "Papa, nani atapalilia kaburi ya mama?"

Mama Sifa, aliyesimama chini ya dirisha, alisikia.

"Miye niko," akasema.

Kisha akaupitisha mkono dirishani, akaniwekea kiganja kichwani, mimi niliyekataa neno lake, akaniombea njia. Basi likaondoka. Nimehama miji kadhaa tangu hapo, na Juru sijarudi.

Kwako, mwanangu, naomba hivi: Mungu akupe ujasiri wa kusema mapema, na nyumbani kwako awepo mtu atakayekusikia mara ya kwanza. Amina.