Saa ilisoma 181 kwenye kilima cha Newala, nikajifunza kukimbia polepole

Wakuu, salaam kwenu humu ndani.

Hii siyo chai, sijatunga kitu. Ni mambo yangu mwenyewe, na mengine yananiaibisha. Anayetafuta stori ya medali apite tu, hapa hakuna medali.

Mimi ni mwalimu wa hesabu sekondari hapa Newala, miaka 42, mke na watoto watatu. Wikiendi nakwenda Lukuledi kwenye mikorosho, na msimu wa kupulizia dawa ndiyo sipumziki kabisa. Kwa hiyo muda wangu wa mazoezi ni saa kumi na moja na nusu alfajiri, dakika arobaini, basi. Baada ya hapo ni kuhangaika na maji ya kuoga (watu wa Newala mnanielewa, maji huku ni ya kutafuta) na kuwahi kipindi cha kwanza.

Nilianza kukimbia baada ya kupimwa presha ikakutwa juu. Daktari akanipa vidonge, akasema nifanye mazoezi. Nilikubali haraka, maana baba yangu aliondoka na presha hiyo hiyo. Alitoka asubuhi kwenda shamba, mzima kabisa, akarudishwa amebebwa. Mama ndiye aliyempokea mlangoni.

Shikeni hapo, nitarudi.

Ujinga wangu ulianzia WhatsApp. Tuna group la wakimbiaji wa Masasi na Newala, kila asubuhi watu wanatupia screenshot za pace, yaani dakika ngapi kwa kila kilomita. Nusu ya wale nimewafundisha mimi! Sasa niweke pace ya kobe wanione?

Nikanunua saa ya kupima mapigo ya moyo. Lakini nilichokuwa naangalia ni pace tu. Mapigo niliyaona kama pambo.

Wakuu, nilijitesa. Kila siku mbio za mtu anayefukuzwa. Ikifika saa nne niko darasani nimeshika chaki, nasinzia nimesimama. Nyumbani nafoka kwa jambo dogo. Mke wangu, Mama Neema, akawa ananitazama tu.

Halafu kuna suala la salamu. Huku kwetu humpiti mtu mzima kama unapita nguzo ya umeme. Unasimama, shikamoo, marahaba, mmeamkaje, watoto hawajambo, shamba linaendeleaje. Na mimi nikisimama, wastani wa pace unaharibika. Nikabuni dawa: narusha "shikamoo!" huku naondoka, marahaba inanikuta kona ya pili.

Nyumba ya mama iko kwenye njia yangu.

Kila asubuhi nilimkuta amesimama mlangoni, kajitanda kanga, kwenye ukungu ule wa baridi. Nikadhani kaamka kufagia. Napunga mkono, shikamoo, huyoo nimeenda. Nikirudi, bado yupo pale pale. Ufagio sikuwahi kuuona mkononi mwake, na wala sikujiuliza.

Siku moja, kwenye kilima cha kurudi mjini, nikaona barabara inazunguka. Nikakaa chini mchangani. Saa inasoma 181.

Ile kanuni ya kukadiria mwisho wa mapigo ni 220 toa umri. Kwangu ni 178. Mwalimu wa hesabu nimekaa chini nafanya hesabu ya kutoa ya darasa la nne, naipata, na sitaki kuiamini. Sitaficha, niliogopa mpaka machozi yakatoka. Nikawa nawaza, wakinibeba wasamaria, nitapelekwa mlango wa nani?

Nilirudi kwa kutembea. Mama alikuwa mlangoni. Akaliona vumbi kwenye kaptula yangu.

"Baba Neema," akasema, "salamu gani hiyo ya kurusha kama jiwe? Nikikuitikia, haupo. Mie sijui aliyepita ni mzima au ndo anakwenda kuanguka kama baba yako. Basi nasimama hapa mpaka nikuone unarudi."

Nilikaa kizingitini kwake mpaka jua likatoka, na siku hiyo nilichelewa kazini.

Kabla ya kukimbia tena nilirudi kwa daktari. Akapima, akabadilisha dawa, akanipa ruhusa kwa sharti moja: nikimbie kwa kasi ambayo naweza kuongea sentensi nzima bila kukata pumzi. Kwa hesabu, hiyo ni asilimia 60 mpaka 70 ya ile 178, kwangu mapigo kama 107 mpaka 125. Akanionya nisitegemee namba peke yake, maana kuna dawa za presha zinazoshusha mapigo.

Wiki ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Kilimani ilibidi nitembee. Wanafunzi wenye ndoo kichwani walinipita wakisema "Shikamoo mwalimu" na kucheka mbele kidogo. Mama Neema naye: "Leo ulikuwa mazoezini au unatoka msibani?"

Group nililiweka kimya.

Lakini nikagundua kitu. Kipimo cha daktari mbona tunacho siku zote? Nikikutana na mtu mzima nikamwamkia, nikaulizana naye mpaka habari za shamba bila kuhema, kasi yangu iko sawa. Nikianza kukata maneno, nimezidisha. Kuna siku saa iliisha chaji na sikuhangaika.

Miezi minne sasa. Usingizi wa darasani umeisha, kufoka kumepungua, presha imeshuka ingawa vidonge bado nameza. Na cha ajabu, kilima kile siku hizi nakimbia mpaka juu.

Wiki iliyopita nilipita kwa mama, nikamwamkia, akaitikia, tukaulizana yote mpaka mikorosho. Mapigo 118. Akaniambia, "Haya, nenda."

Niliporudi, mlango ulikuwa umefungwa. Moyo ukanilipuka, nikakimbilia dirishani.

Mama alikuwa amelala, anakoroma.

Nilichojifunza ni kwamba sisi wenye kazi, watoto na mashamba hatudaiwi pace na mtu. Tunadaiwa kurudi nyumbani salama.

Wenye uzoefu wa kukimbia kwa mapigo ya moyo karibuni, nikosoeni nilipokosea. Na wewe unayetoka alfajiri mbio mbio, hebu tuambie, nani anabaki amesimama mlangoni kwako?