Sauti ya Nyuma ya Ukuta

Namhimidi Mungu aliyenipa pumzi ya kuimba, wala hakuninyang'anya nilipoitumia kunung'unika. Haya ninayoyasimulia ni sehemu ya wema wake.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, mimi na jirani yangu wa Kaloleni tulipunguzwa kazini kwenye reli kwa pamoja. Sote tulikuwa watunzi wa nyimbo za kwaya, yeye katika kanisa lake, mimi katika langu. Nilimwambia mke wangu kwamba tungejaribu kuishi kwa nyimbo hadi Krismasi. Zikishindwa, tungefunga mizigo turudi magharibi tukalime.

Jirani yangu alifanikiwa upesi. Binti mmoja aliyekulia mtaani kwetu, wakati huo akiwa muuguzi ng'ambo, aliahidi kumchangia kila mwezi ili asiache kutunga. Akawaambia wenzake, nao wakajiunga. Jirani akawa anawatumia kanda kwa posta kila mwezi, kisha anakwenda saiba mjini kusoma barua pepe zao na kumjibu kila mmoja. Mchango ukaja, mwezi uliofuata ukaja tena. Aliponunua magodoro mapya yakapitishwa mlangoni kwangu, niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Kilichoniuma zaidi ni nyimbo zenyewe. Hazikuwa zimeiva! Alirekodi ubeti mmoja mezani pake, kuku wakilia, mkewe akisalimiana na wapita njia dirishani, kisha akawaambia wale watu kwamba ubeti wa pili bado unamsumbua. Mimi nililelewa nikijua kwamba sadaka haitolewi ikiwa na kilema. Wimbo wangu haukutoka kabla ya kwaya kuuzoea na wazee wa kanisa kuupitisha. Nilimwomba Mungu anifungulie mlango kama ule, na katika sala hiyohiyo nikamkumbusha ni nani kati yetu aliyejua kupanga sauti nne.

Basi niliikusanya kwaya, tukarekodi wimbo mrefu, tangu kuumbwa kwa ulimwengu hadi siku ya mwisho, bila kosa hata moja. Jirani alinipa anwani zote bila hiana, jambo ambalo nalo liliniudhi. Wale watu wakashukuru sana, wakatuma zawadi. Nikasubiri mwezi wa pili, na wa tatu. Kimya.

"Baba, wewe umewapikia harusi," mke wangu aliniambia akichambua sukuma wiki. "Mwenzako anawapelekea chai kila asubuhi."

Sikucheka. Desemba ilipoingia, vyombo vya kabatini vilikuwa tayari kwenye katoni. Kitu pekee ambacho hatukukifunga ni sala ya jioni. Tangu tuoane nilikuwa naiimba kwa sauti nzito, nikitaja mambo ya siku hiyo jinsi yalivyokuwa: mvua, bei ya unga, mguu wa mke wangu uliokuwa umevimba. Kesho yake nilianza upya. Sikuwahi kuiita wimbo.

Siku moja jirani alirudi kutoka saiba akaja moja kwa moja kwangu.

"Mzee, wanakuulizia."

"Nani?"

"Watu wa ng'ambo. Kumbe ukuta wetu haufichi kitu, sala yako ya jioni inasikika kwenye kanda zangu. Wanauliza mguu wa mama umepona? Mmoja ananiambia nisogeze mashine ya kurekodia ukutani na mimi ninyamaze kidogo."

Alicheka. Mimi moyo ulichemka, kwa kuwa niliona sala yangu ndiyo iliyokuwa ikimlipia magodoro. Lakini jioni ile aliileta mashine yake, akaiweka juu ya meza yangu, akabonyeza kitufe.

"Omba kama kawaida," alisema akitoka. "Na usiimalize."

Niliimba kwamba mguu ulikuwa unapona, na kwamba sikujua tungekula Krismasi wapi. Tukaahirisha safari ili tungoje jibu. Kanda ilipofika, waliandika kwamba wanangoja kusikia tulikula wapi. Mwezi uliofuata waliandika tena, na mchango ukaja na barua zao. Vyombo vikarudi kabatini. Wachangiaji wa jirani walibaki kuwa wengi kuliko wangu, na kila alipotoka posta bado niliuangalia mkono wake kwanza, kuona ameshika nini, kabla ya kumsalimu. Mungu alinivumilia.

Nawe unayesoma, Bwana akupe watu wa kukungoja, na kesho akupe neno jipya la kuwaambia. Amina.