Damu ya Ndani ya Kioo

Waliosema kwamba ndugu wale wawili walikatana mapanga hawakuwepo. Panga halikuwemo kabisa. Katika bucha lao kuna visu, msumeno wa mifupa na shoka la kupasulia mapaja, na kila kimoja kina ndoano yake ukutani. Kilichotokea kilitokea mbele ya mama yao mzazi, na mizizi yake ni ya zamani, tangu siku kaka mkubwa alipomng'oa mdogo wake jino kwa mfupa wa goti la ng'ombe.

Kaka huyo watu humwita Nundu, kwa ajili ya mabega yake. Mdogo wake ni Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama. Utotoni waligombania kila kitu, na siku ile waligombania kiti. Kitinda alilitema jino kiganjani, akalipeleka kwa baba yake kama mtu anayepeleka ushahidi mahakamani.

Baba yao alikuwa mchinjaji na mwenye bucha. Mchana kutwa alishinda kwenye damu, na jioni alijisugua kwa sabuni mpaka vidole vikakunjamana ndipo amguse mtoto. Alilitazama lile jino, asimpige mtu. Kesho yake alirudi na televisheni kuukuu, ile ya chogo, iliyotokeza nyuma kama kisogo cha mtu mwenye mawazo mengi, pamoja na mashine ya gemu la ngumi iliyofungwa kwa kamba ya kiatu.

"Mkitaka kupigana, piganeni humo," aliwaambia. "Damu ya humo haifuliwi. Lakini atakayemwaga damu nje ya kioo ataifua mwenyewe, kwa mikono yake, mbele ya mama yake. Na kile mlichokuwa mnakigombania, amekikosa."

Ikawa sheria ya nyumba.

Wapiganaji wa gemu lile walikuwa viumbe wa kuhurumiwa. Walikuwa miraba mitupu, kama watu waliojengwa kwa matofali na fundi mlevi, mmoja mwekundu na mwenzake wa bluu. Vidole hawakuwa navyo. Ngumi ikimpata mtu, vidoti vyekundu viliruka na kupotea.

"Nimekuvunja pua!" Nundu alipiga kelele.

"Pua gani? Huyu ana pua?"

Wakacheka, na hasira ikafia hapo. Hivyo ndivyo walivyoamua nani alale kitanda cha dirishani, nani aende machinjioni alfajiri ya mvua, na hata, baba yao alipofariki, nani arithi koti lake. Nundu alishinda mara nyingi. Koti alilichukua Kitinda. Hakuna jirani aliyewahi kusikia matusi yakitoka kwenye nyumba ile, na mama yao alipita mtaani kichwa juu.

Koti lilikwenda kwa mdogo, lakini neno la mwisho la marehemu lilibaki kwa mkubwa: bucha lisigawanywe.

Nundu alilishika neno hilo pamoja na kisu. Kazi ya machinjio haina huruma. Kuna asubuhi fahali alikata kamba, akambana mshika kamba ukutani mpaka mbavu zikalia kama kuni kavu. Nundu alimrukia kwa ubavuni, akadaka pembe, akazamisha kisu chini ya taya na kukivuta kwa uzito wake wote. Damu ilimpiga usoni, ikamjaa mdomoni, akawa anaitema huku akining'inia kwenye shingo ile, mpaka miguu ya mnyama ikakunjika wakaanguka pamoja. Mshika kamba alipona, ingawa hata leo akicheka hushika ubavu. Jioni ile Nundu hakutia kitu tumboni. Alikaa mbele ya chogo, akawatwanga wale watu wa matofali, kisha akalala usingizi wa mtoto.

Ndiyo maana Kitinda alipoanza wimbo wake wa televisheni mpya, kaka yake hakumwelewa.

"Kaka, sisi tunapigana na matofali," Kitinda alisema huku akipanga maini kwenye sinia. "Siku hizi kuna HD. Unaona jasho linavyotiririka. Unaona mshipa wa shingo ukicheza."

"Mshipa wa shingo nauona kila alfajiri."

"Wa ng'ombe!"

"Ng'ombe kakukosea nini?"

Kinyozi, jirani yao wa mlango wa pili, aliyekuwa akisubiri nyama yake, aliingilia. "Kitinda, achana naye. Huyu hata akifunguliwa mlango wa peponi atauliza ni kilo ngapi."

Walicheka, lakini chini ya utani ule kulikuwa na kidonda. Kitinda alikuwa ameota mvi akifanya kazi bega kwa bega na kaka yake, na bado wateja walimwita kijana wa Nundu. Alitaka ukuta ujengwe katikati ya bucha, apate mlango wake, mizani yake na jina lake juu ya mlango.

"Baba alisema lisigawanywe," Nundu alijibu kila mara.

"Baba alisema hayo kwako. Mimi nilikuwa uani namfulia shuka."

Mama yao alipochoka kuwasikia, aliwakumbusha sheria ya nyumba. Kitinda alikubali, kwa sharti moja: wacheze kwenye mashine mpya, aliyokwisha kuinunua. "Kwenye chogo unanipiga hata ukisinzia. Tukutane mahali ambapo sote ni wageni."

Nundu aliona ni haki. Kwake picha ilikuwa picha tu. Sufuria jipya halibadilishi mchuzi. Hilo ndilo lililokuwa kosa lake, na alilifanya kwa moyo mweupe.

Wakakutana Jumapili baada ya kufunga duka, katika chumba cha nyuma ya bucha. Televisheni mpya ilikuwa bapa, pana kama ubavu wa ng'ombe aliyetundikwa. Mama alikaa kwenye kiti chake cha siku zote, mke wa Nundu akasimama mlangoni, na kinyozi, ambaye hakualikwa, akajipa kazi ya utangazaji. Kabla ya kuanza, Kitinda alimpiga kaka yake picha kwa simu, akajipiga na yeye, na mashine ikazichukua nyuso zile ikazipachika kwenye miili ya mabondia.

Nundu alijiona. Aliyaona mabega yake, kovu la pembe juu ya nyusi, hata vinyweleo vya kidevuni ambavyo wembe ulikuwa umeviruka asubuhi ile.

"Umependeza, Nundu!" kinyozi alisema. "Nani kakunyoa vibaya hivyo?"

"Wewe."

Kengele ikalia. Kitinda alikuwa amefanya mazoezi, na vidole vyake vilikimbia juu ya vitufe. Ngumi ya kwanza ilimpata Nundu wa kwenye kioo shavuni, na shavu likatikisika kama nyama mbichi inayotupwa mezani. Ya pili ilipasua nyusi palepale penye kovu. Hapakuwa na vidoti safari hii. Damu ilichuruzika kwa utaratibu wake halisi, ikaingia jichoni, na jicho likaanza kuvimba, likawa la zambarau, likafunga. Nundu alijikuta akipangusa jicho lake mwenyewe, ambalo halikuwa na kitu.

"Angalia uso wako, kaka!" Kitinda alicheka, na hakuwa akimcheka mtu wa matofali.

"Zimeni hicho kitu," mama alisema.

Hawakumsikia. Raundi mpya ilianza, na uso wa Nundu ulirudi mzima, kana kwamba hakuna aliyeugusa. Sasa vidole vyake vilikuwa vimepata njia. Alirusha ngumi ya chini, kisha ya juu, na kwenye kioo kichwa cha mdogo wake kilipinda nyuma, mdomo ukafunguka, jino likaruka polepole likizunguka na uzi wa mate na damu. Moyo wa Nundu ulijaa utamu. Ulikuwa utamu wa siku ile ya mfupa wa goti, na alikuwa ameusahau kabisa. Akapiga tena ili auone tena. Mkewe aliyekuwa mlangoni alimtazama usoni, si kwenye kioo, akageuka akaenda zake.

Raundi ya mwisho ilikuwa ya Kitinda. Nundu wa kwenye kioo alianguka kifudifudi, na mashine, ambayo haina adabu, ikarudia pigo lile kwa mwendo wa konokono: taya likihama mahali pake, macho yakigeuka meupe.

"Ukuta unajengwa," Kitinda alisema. Kisha akabonyeza, na pigo likarudiwa. "Hebu tazama. Kijana wa Nundu kafanya nini?" Akabonyeza tena.

Nundu alimpiga kwa pedi ya vitufe aliyoishika mkononi, katikati ya uso.

Pua ilivunjika kwa sauti ambayo mashine haijui kuitengeneza, ndogo na yenye maji. Kitinda alimrukia shingoni, wakaubomoa mlango kwa migongo, wakaangukia ndani ya bucha, chini ya ndoano. Kinyozi alijaribu kuwashika, akapata kiwiko cha koo, akakaa chini. Kitinda aling'ata sikio, Nundu akamkandamiza kichwa kwenye gogo la kukatia nyama, akampiga ngumi, akampiga tena, na vigae vyeupe vilivyooshwa mchana vikarukiwa na damu. Kitinda alitapatapa, akagusa kisu kidogo cha kuchunia, akamchana kaka yake mkono kuanzia kifundo hadi kiwiko. Nundu hakusikia maumivu. Mkono wake mwingine ulikuwa umekwisha kufika ukutani, na uliporudi ulikuwa na shoka.

Alilinyanyua. Halafu akangoja.

Baadaye, alipoulizwa alikuwa akingoja nini, hakumjibu mtu isipokuwa mkewe. Alikuwa akingoja uso ule urudi mzima. Pua imelala upande, jicho limefunga, mdomo umejaa damu, na yeye amesimama pale na shoka, akisubiri raundi mpya ianze na mdogo wake awe kama alivyokuwa. Uso haukurudi. Kitinda alipumua kwa mdomo, na kila pumzi ilifanya povu jekundu.

"Nani atafua?" mama aliuliza.

Alikuwa amesimama kwenye mlango uliovunjika, na hakuwa amepaza sauti.

Nundu alilirudisha shoka kwenye ndoano yake.

Mkewe alirudi, akamfunga mkono kwa kitambaa, akamsafisha Kitinda uso, akamwekea barafu ya kwenye jokofu la nyama. Wote wawili walitoka uani kwa miguu yao. Hakuna aliyebebwa, na waliosema gari la wagonjwa lilikuja waliliona gari la mtu mwingine. Mama alikwisha kuketi kwenye kigoda karibu na bomba. Mbele yake kulikuwa na beseni.

"Kinyozi," alisema, "ukipata sauti, beba kile kioo ukakitundike kwako. Watu watazame mpira. Hapa sikitaki."

Kinyozi alitikisa kichwa kukubali, mkono kooni.

Kitinda alivua shati, akamkabidhi kaka yake. Nundu alichutama. Alitia maji baridi, kwa maana mtu wa bucha anajua kwamba maji ya moto huipika damu ndani ya uzi, akatia chumvi, akaanza kusugua. Maji yakawa mekundu, akayamwaga, akajaza mengine. Kitambaa cha mkononi mwake kililowa, na damu yake ikaanza kuchanganyika na ile aliyokuwa akiiondoa, ikawa kazi ya kumwaga na kujaza.

Kila mtu uani alijua maana ya beseni lile. Aliyefua amekosa, na wa kwanza kumwaga damu alikuwa Nundu. Baba yao alikuwa ameacha maneno mawili, la damu na la bucha, na mkubwa, kwa kuvunja moja, alikuwa amelipoteza na la pili.

"Ukuta ukijengwa," Nundu alisema bila kuinua uso, "wewe chukua upande wa dirisha. Una mwanga asubuhi."

"Upande wa dirisha ndiko kwenye jokofu," Kitinda alijibu kwa sauti ya puani.

"Najua liliko jokofu."

Kitinda alivuta kopo, akalijaza bombani, akamimina polepole kwenye beseni, kwa kuwa mkono mmoja wa kaka yake ulikuwa umekufa ganzi.

"Kule kwenye chogo," alisema, "ningekuwa nimekuvunja pua wewe."

"Pua gani?" Nundu alisema.

Aliliinua shati juu ya mwanga. Mbele lilikuwa limetakata. Mama yao aliinama, akalichunguza kama alivyokuwa akichunguza sare zao za shule, akamrudishia.

"Kola bado," alisema.

Nundu akatia chumvi, akaanza upya.