Fundi wa Kunyoosha Sauti

Katika studio moja ya Nashville yuko fundi ambaye kazi yake ni kunyoosha sauti za waimbaji kwenye kompyuta. Hutafuna mbegu za alizeti huku kidole chake kikifuta pumzi zao moja baada ya nyingine, na kila sauti iliyopinda huirudisha kwenye mstari. Akisikia kitu kinachomgusa, huacha kutafuna. Siku moja mwimbaji Darlene Pruitt alipomwimbia marehemu mama yake, sauti ilimkatika katikati ya wimbo, na fundi akaacha kutafuna.

"Hapo pazibe," bosi akamwambia. "Watu watauruka wimbo."

"Lakini wimbo wenyewe uko hapo, bosi."

"Ziba, ndugu yangu. Tusichoshane."

Akaziba. Kesho yake Darlene alikuja kusikiliza, akainamisha kichwa mpaka mwisho. Moyoni fundi alikuwa akiomba Darlene agombe, aidai sauti yake.

"Huyu anaimba vizuri kuliko mimi," Darlene akasema taratibu. "Naomba nakala, kaka, nikajifunze kuimba hivi."

Fundi akamtolea nakala bila kumtazama usoni, kisha akafungua sauti ya mwimbaji mwingine.