Fundi Milango wa Mususa na Panga Zake za Ukutani

Jumatano, tarehe 28 Machi 2001. Mvua iliyonyesha usiku kucha imekatika, lakini ukungu bado umelala juu ya vilima vya Butembo, na baridi inawafanya watu wajifunike vitenge hadi masikioni. Katika karakana yake huko Mususa, Lusenge Stanislas anafanya ishara ya msalaba, anachovya kitambaa katika mafuta ya pikipiki, kisha anashusha upanga kutoka ukutani.

Ni upanga mrefu wa Kizungu, na mpini wake una umbo la msalaba. Anaufuta taratibu kutoka mpinini hadi nchani, anaugeuza, anaufuta tena.

"Kila asubuhi nafuta mmoja kabla ya kazi," anasema. "Leo ni zamu ya huu wa marehemu baba."

Lusenge ana umri wa miaka arobaini na saba. Kazi yake ni kuchomelea milango na madirisha kutokana na mapipa ya mafuta yaliyopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo. Kabla ya vita alikuwa akitoa milango minne kwa wiki. Siku hizi mwezi unaweza kwisha akiwa ametoa mmoja.

"Watu wanaogopa mlango mzuri," anaeleza. "Wanasema unawaita wezi."

Lakini wengi wanaofika hapa hawaji kwa ajili ya milango. Wanakuja kuutazama ukuta wa nyuma, ambako zimetundikwa panga za zamani za Ulaya, visu virefu vya wapiganaji wa kale, ngao mbili, kofia za chuma zenye kifuniko cha uso, na vazi moja la chuma la kifuani ambalo panya walikwisha kula mikanda yake.

Vyote ni vya kuiga. Vilitengenezwa viwandani huko Ulaya ili kupamba nyumba. Walowezi waliolima kahawa na pareto katika vilima vya Lubero walivitundika juu ya meko yao ya ukutani. Walipoondoka, vitu hivyo vilibaki mikononi mwa watu ambao hawakujua la kuvifanyia. Lusenge amekuta upanga unachochea moto wa kuchoma matofali, na mwingine umeshikilia paa la banda la sungura.

Kofia yake nzuri kuliko zote aliipata Beni, katika mtaa wa Mulekera, kwa mama mmoja mjane. Kuku alikuwa ameatamia ndani yake.

"Mama yule aliniambia, chukua, lakini kuku hapana kumugusa," anakumbuka akicheka. "Nikarudi Butembo mikono mitupu. Nilingoja mpaka vifaranga vikatoka."

Upanga wa baba yake una historia nyingine. Mzee Ananie alikuwa mpishi wa mlowezi mmoja, na kila Jumamosi alikuwa akiusugua upanga huo kwa majivu. Siku mlowezi alipofunga mizigo yake, aliwaambia wafanyakazi wachukue wanachotaka. Wengine walibeba sufuria na magodoro. Ananie alibeba upanga.

"Mama alikasirika miaka na miaka," anasema Lusenge. "Kila jioni alikuwa akimuuliza, 'Ananie, leo tupike upanga na sombe ya mihogo, ao na maharagi?'"

Tangu Lusenge alipoanza kukusanya vitu hivi, parokia imekuwa ikiviazima kila Ijumaa Kuu kwa mchezo wa Mateso ya Bwana. Ndiyo maana askari wa Kirumi wa Mususa hutembea wamevaa kofia za mashujaa waliozaliwa zaidi ya miaka elfu moja baada ya Pilato. Katekista Adèle, anayeongoza mchezo huo, anajua kosa hilo, na anasema akiliondoa waamini watalalamika.

"Mwaka jana Kakule alikuwa mkubwa wa askari," anasimulia. "Kifuniko kikamwangukia usoni, hakuona njia. Badala ya kukata kona kwenda kanisani, akanyoosha kwenda sokoni, na Warumi wote nyuma yake! Yesu alibaki peke yake na msalaba, anauliza, 'Basi mimi niende wapi?'"

Watu walicheka sana siku ile. Kilichofuata hakikumchekesha mtu.

Baada ya Pasaka, Kakule alirudisha kofia lakini hakurudisha upanga. Alikuwa amejiunga na vijana waliokuwa wakilinda misafara ya wachimba dhahabu katika njia ya Manguredjipa, na aliamini kwamba amepata silaha bora kuliko wenzake wote. Hakujua kwamba panga za ukutani hazikutengenezwa kwa kupiga. Ndani ya mpini, chuma chake huwa chembamba kama msumari.

Kakule ana umri wa miaka ishirini na sita na leo anaendesha pikipiki ya abiria. Anaonyesha mkono wake wa kushoto, wenye vidole vitatu.

"Niliwaza chuma ya Bazungu haiwezi kuvunjika," anasema. "Wezi bakatutokea na mapanga yao ya shamba. Nikapiga mara moja tu. Chuma ikaruka mu majani, miye nikabakia na mupini mu mukono. Bakanikata vidole. Kisha bakaangalia ule mupini, bakacheka, bakaniacha. Mungu alinipenda."

Tangu siku hiyo Lusenge haazimishi tena upanga. Lakini vijana hawajaacha kuja. Wengine wanaomba kwa upole, wengine wanapima kufuli ya mlango kwa macho. Na Jumapili iliyopita, baada ya Misa, lilisomwa tangazo la wakuu wa mji: kila mwenye silaha nyumbani, ya aina yoyote, aipeleke ofisini kwao kabla ya Jumapili ijayo. Baada ya hapo nyumba zitasakwa.

Lusenge hana hofu ya kutii. Hofu yake ni ya mahali panga zitakapokwenda.

"Kitu kinachoingia mule hapana kurudi," anasema kwa sauti ya chini. "Kesho atapewa mtoto wa mtu, ataambiwa nenda. Naye ataamini, kama Kakule."

Jirani yake, mama Kahongya, muuza maharagwe, ana hofu nyingine. Nyumba yake na karakana zina ukuta mmoja.

"Papa Lusenge ni mutu muzuri," anasema. "Lakini basoda ba jeshi bakikuta ile mapanga, batauliza ni ya nani? Batachukua batu ba avenue muzima! Batoto yangu banalala nyuma ya hii ukuta."

Saa kumi jioni, shirika la wakristo wa avenue hiyo, yaani mtaa wao, linakutana uani kwa Lusenge, kama kila Jumatano ya Kwaresima. Wanasali Njia ya Msalaba, wakihama kutoka kona hadi kona ya ua wenye matope. Wanapomaliza, hakuna anayeondoka. Mke wa Lusenge, Kyakimwa, anatoa viti zaidi, kwa sababu amekuja mgeni: Hippolyte, ofisa wa usalama mzaliwa wa Kasai, aliyehamishiwa hapa kutoka Beni. Adèle ndiye aliyemwomba aje aone kabla ya kuamua.

Hippolyte anapita polepole mbele ya ukuta. Anavaa kofia moja, kifuniko kinamwangukia usoni, na watoto wanapiga kelele za furaha.

"Bon, mzee," anasema akiivua. "Kofia na ngao na hii nguo ya chuma, sina neno. Ni ya théâtre, ya muchezo. Lakini panga ni panga. Usiku, mutu anayeona upanga hatauliza kama ni wa kuiga."

"Nitazifungia ndani ya sanduku," Lusenge anasema.

"Sanduku linabebwa," anajibu mama Kahongya.

"Nitazika."

"Na watakaokuona ukizika?"

Lusenge anatazama mikono yake. Ndipo Kyakimwa, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia ya vikombe vya chai, anaposema bila kupandisha sauti, akimwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

"Papa Élise, wewe ni mutu ya milango. Fanya mulango."

"Mulango gani?"

"Chomelea yote pamoja, iwe mulango ya hii karakana, kule mbele, barabarani. Kila mutu ataiona, na hakuna atakayeitoa."

Watu wanageukiana. Mzee mmoja anacheka, kisha anaacha kucheka. Hippolyte anauliza kama moto wa kuchomelea hauharibu chuma. Lusenge anajibu kwamba unaharibu: rangi ya upanga inageuka ya bluu na nyeusi, na ung'ao wake haurudi tena.

"Mlango ni mlango," Hippolyte anasema hatimaye. "Mlango siwezi kuandika kwamba ni silaha. Lakini ziingie zote. Nitapita mwenyewe kukagua."

Lusenge anakubali kwa kichwa. Kisha anauelekea ukuta na kuushusha ule mrefu wa baba yake.

"Huu uniachie," anasema. "Nitauweka chini ya kitanda. Ni wa marehemu."

Anayemjibu ni Kakule, aliyekuwa ameketi juu ya pikipiki yake karibu na lango.

"Papa, ule wangu haukukuwa wa marehemu. Ulikuwa mufupi tena. Huu ni murefu, unaonekana kama wa kweli kabisa. Kama ningeuona mwaka jana, ningechukua huu."

Anasema hivyo bila ukali, akiwa ameuweka mkono wake wa vidole vitatu juu ya goti.

Lusenge anaketi, upanga umelala mapajani mwake. Midomo yake inacheza kwa sala. Adèle anainamisha kichwa, na wengine wanafuata. Kutoka barabarani inasikika pikipiki ikipanda kilima.

Ijumaa Kuu mwaka huu askari wa Kirumi watabeba fimbo za mti, Adèle amekwisha kusema, na kofia zitabaki zilezile. Lusenge anafikiria mlango wenye urefu wa mita mbili, panga zikiwa zimesimama wima, ncha zote zikiangalia chini. Jenereta ataazima kwa jirani. Kuhusu ule mrefu, hakuna anayemuuliza tena.

Anasimama. Anaupandisha upanga mbele ya kifua, mpini juu, ule msalaba ukitazama watu.

"Mimi Lusenge Stanislas, mutoto wa Ananie," anasema, "mbele ya Mungu, mbele ya muke wangu, mbele yenu bote wa shirika, na mbele yako, commandant. Jumamosi nitachomelea mulango. Panga zote zitaingia. Na huu wa baba yangu ndio nitaanza nao."