Sahani ya Shemasi Eulis

Mwezi wa Agosti, mahindi yakiwa yamekwisha kupaliliwa na pamba ikisubiri kupasuka, mashamba ya Pruett Springs, mji wetu mdogo wa kusini mwa Marekani, hayakuwa na la kumwomba mtu, na kanisa letu la Mlima Pisga lilifanya juma lake la uamsho. Jumapili ya kufungia, wazee waliweka mbao ndefu juu ya vigogo uani, akina mama wakazitandika mashuka meupe, kisha kila mmoja akashusha alichopika. Eulis Gathright alikuwa kijana mrefu wa kiwanda cha mbao, mwenye haya kiasi kwamba alipendelea kushinda njaa kuliko kusogelea meza iliyozungukwa na wasichana. Alisimama karibu na pampu ya maji, mikono mifukoni, akijifanya anachunguza kutu.

Kwetu, msichana akimpakulia kijana chakula na kumkabidhi sahani mkononi mbele ya watu, amekwisha kusema. Na kijana akila, amekwisha kujibu. Mchungaji huja baadaye kuthibitisha tu. Siku hiyo Corrine Maddox alijaza sahani, akauvuka uwanja mzima peke yake, akamkabidhi Eulis.

"Kula," alimwambia. "Usiniaibishe."

Eulis akala. Kabla ya Krismasi walikuwa mume na mke.

Tangu hapo Eulis hakujipakulia tena. Nyumbani, kwenye mazishi, kwenye sikukuu za kanisa, sahani ilimjia imejaa naye akaimaliza na kushukuru. Alipandishwa cheo kiwandani, akawekwa kuwa shemasi, nywele zikageuka kijivu, na bado ukimuuliza apenda chakula gani alijibu, "Muulize Corrine." Tulimcheka, naye alicheka pamoja nasi, kwa kuwa hakuona aibu yoyote ya kupendwa namna hiyo.

Corrine alifariki majira ya kuchipua, moyo ukiwa umechoka. Akina mama wa kanisa walimletea Eulis vyakula hata friji ikakataa kufungwa. Kisha vyakula vikapungua, kama rambirambi zinavyopungua, na shemasi akaanza kufuatana nasi kwenye mkahawa wa Delphine baada ya ibada.

Kwa Delphine palikuwa duka la matairi zamani. Unalipa mlangoni, unachukua sahani, unafuata mstari wa masinia ya moto na kujipakulia mpaka nafsi iseme basi. Jumapili ni mashindano. Mchungaji wetu akizidisha mahubiri, Wamethodisti wanatutangulia na kuyamaliza mapaja ya kuku. Ndiyo maana, ikikaribia saa sita, matumbo ya Wabatisti husema Amina kabla ya mchungaji.

Jumapili yake ya kwanza, Shemasi Eulis alisimama na sahani tupu mbele ya sinia la bamia, akalitazama kama mtu aliyefika njia panda pasipo na kibao. Foleni nyuma yake ikagusa mlango. Hatimaye alirudi mezani na mikate miwili na bitiruti.

Mozelle, mama mnene anayezungusha chai ya barafu pale tangu enzi za baba yake Delphine, alisimama na jagi lake.

"Baba, hiyo ni sahani au adhabu?"

"Inatosha, Mozelle."

"Inamtosha nani? Sungura?"

Aliyeshindwa kuvumilia mandhari hiyo ni Dada Verbena Stokes. Alikuwa mjane, kiongozi wa jiko la kanisa, mwanamke wa kofia kubwa na sauti ya kuamuru, ambaye mikono yake ilikuwa imelisha harusi na matanga yote ya mji ule. Jumapili iliyofuata alimwona shemasi akikwama tena mbele ya bamia, akamnyang'anya sahani.

"Kaketi, Shemasi. Unazuia taifa la Mungu."

Akaja na paja la kuku, makaroni na jibini, mboga za majani zilizochemshwa na mfupa wa nguruwe wa moshi, kilima cha bamia za kukaanga, na mkate wa mahindi ukiwa juu ya vyote ili usilowe. Akamkabidhi mkononi. Eulis alikuwa na njaa, na nyuma yake alikuwa na desturi ya umri mzima. Akasema asante, akala.

Uma zote zilisimama. Yeye hakutambua neno.

"Hongera, ndugu," alinong'ona Shemasi Tate aliyeketi ubavuni pake.

"Kwa lipi?"

"We endelea kula. Endelea tu."

Kufikia ibada ya maombi ya Jumatano, mtu alikuwa amekwisha kumuuliza Verbena atavaa kofia ya rangi gani siku hiyo kubwa. Verbena hakukubali wala hakukanusha, alitabasamu. Jumapili iliyofuata alipakua tena, na iliyofuata hiyo tena, na Eulis, ambaye sasa alikuwa amekwisha kuelewa, alikula jasho likimtoka, kwa sababu kuikataa sahani mbele ya watu ni sawa na kumpiga kofi aliyeileta.

Jumanne moja alasiri, wakati ukumbi uko mtupu, alikwenda kwa Mozelle.

"Mozelle, nimeoa bila kujua."

"Umekula, baba. Jumapili tatu. Na mchuzi ukaufuta kwa mkate, nilikuona."

"Nilikuwa na njaa!"

"Adamu naye alisema hivyo hivyo." Mozelle akaketi. "Haya niambie. Unamtaka, humtaka?"

Eulis aligeuka kuyatazama masinia.

"Sijui. Na hilo ndilo linalonitisha. Corrine alinichagua, nikamshukuru Mungu kila siku. Lakini alichagua yeye. Sasa nachaguliwa tena. Nitakufa siku moja bila kujua mimi mwenyewe ningechukua nini. Hata hizo bamia, Mozelle, sijui kama nazipenda."

Mozelle alilitua jagi mezani.

"Weka sahani chini. Tembea mstari wote mikono mitupu, tazama kwanza. Anayeanza na sahani mkononi huijaza viazi, akifika kwenye samaki hana pa kuweka."

Shemasi akatembea, taratibu kama anayekagua mbao, akafika mwisho, akarudi. Ndipo akachukua kijiko na kuonja kimoja kimoja. Kambare wa kukaanga alimfumbisha macho. Kunde zilimfanya arudie. Alipotia bamia mdomoni, uso ukamkunjamana kama wa mtoto aliyepewa dawa.

"Ee Bwana! Miaka yote hii!"

Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, na kicheko kilipokwisha machozi yalibaki kidogo. "Alikuwa anazipenda yeye," alisema. "Corrine. Nilikuwa nakula bamia zake."

Jumapili ilipofika, Verbena alinyoosha mkono kuichukua sahani kama kawaida, na safari hii shemasi hakuiachia. Wakabaki wameishika wote wawili, mbele ya Wabatisti, Wamethodisti na sinia la kuku.

"Dada Verbena, leo niache nijipakulie. Si kwa kukudharau."

"Watu wanatazama, Shemasi."

"Wanatazama tangu mwezi uliopita."

Verbena aliachia. Chini ya ile kofia uso wake ulikuwa mgumu kuutazama, nasi tuliinamisha vichwa kama wakati wa sala. Alikwenda kuketi peke yake, mgongo umenyooka. Eulis alipakua bila haraka, foleni ikimsubiri, na alipomaliza hakuja kwenye meza yetu. Alikwenda kuketi mbele yake.

Verbena aliitazama sahani ile kwa muda.

"Umemwagia kunde juu ya pudini ya ndizi."

"Naona."

"Na hujaweka bamia."

"Siipendi bamia."

"Wewe? Umekula bamia zangu Jumapili tatu!"

"Nimekula bamia tangu nioe, dada yangu."

Kwanza kofia ilitikisika, kisha mabega, kisha kicheko kikatoka kizima, ukumbi mzima ukapumua.

"Si ungeniambia, mwanaume wewe?"

"Nilikuwa sijajua bado. Ndo nimejua Jumanne."

Hapo shemasi alitambua kwamba mbele ya Verbena hapakuwa na kitu isipokuwa gilasi ya chai.

"Na wewe, sahani yako iko wapi?"

"Nitachukua wengine wakishapata."

"Huyo?" alidakia Mozelle akipita. "Huyo hajala chakula cha moto tangu aolewe."

Ilikuwa kweli, nasi sote tulikuwa tumeiona kweli hiyo bila kuifikiri. Verbena alimpakulia marehemu Stokes, akawapakulia watoto, akawapakulia waombolezaji, kisha akala mabawa yaliyobaki akiwa amesimama mlangoni pa jiko. Eulis alikula kunde zake zenye pudini.

Tangu siku hiyo waliketi meza moja kila Jumapili, kila mmoja na sahani yake, na watu wakachoka kuulizia kofia. Verbena alimgombeza kwa kuchanganya vitu. Eulis aliendelea kuvichanganya. Lakini kwa kuwa sasa alikuwa amejifunza kutazama, alimtazama na yeye. Aliona kwamba alichukua mabawa kwa mazoea, huku macho yakienda kwenye maini ya kuku yenye vitunguu. Kwamba kwenye pai ya pichi alipenda ile kona iliyokauka. Kwamba bamia alizipenda kwa dhati.

Ikaja Agosti nyingine na Jumapili ya wana wa kanisa kurudi nyumbani. Siku hizi karamu ile hufanyika kwa Delphine, maana mama zetu waliokuwa wakipika uani wengi wamelala makaburini. Ukumbi ulijaa wenzetu waliohamia Detroit na Chicago na watoto wao. Verbena alikuwa ameketi, akisubiri wengine wapate kwanza.

Shemasi Eulis aliutembea mstari wote mikono mitupu, akarudi mwanzo, akachukua sahani. Akaweka maini na vitunguu, majani, bamia ambazo yeye mwenyewe hakutaka hata kuzitazama, na juu ya vyote mkate wa mahindi ili usilowe. Kona ya pai ya pichi aliitia katika bakuli la peke yake, isichanganyike. Akauvuka ukumbi mzima, uma zikinyamaza meza baada ya meza, akamkabidhi Verbena sahani mkononi.

"Kula," alisema, "kingali moto."

Verbena aliivua kofia yake, akaiweka kwenye kiti cha pembeni, akashika uma na kuanza na maini. Shemasi alisubiri mpaka akameza, kisha akarudi kwenye foleni kuchukua chake.